Semaje Wawili wa Nchi ya Ubini

Nimefanya kazi ya kupanga barua posta kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote nimeshika mikononi majina mengi kuliko padri yeyote aliyewahi kubatiza. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba haya ninayoyaeleza kuhusu nchi ya Ubini yanatoka kwa mtu anayejua majina, si kwa mtu wa kushangaa ovyo. Namna nilivyofika huko haina faida kwa yeyote. Nilistaafu, nikachoka kukaa barazani, nikaondoka, nikafika.

Jina langu ni Perpetua Semaje. Kwetu jina hilo halikuwahi kunipa shida isipokuwa shuleni, ambako wenzangu waliniita kwa jina kamili kisha wakajijibu wenyewe kwamba hawajambo.

Pale mpakani mwa Ubini nilimkuta afisa mmoja amevaa sare ya manjano iliyopigwa pasi vizuri. Aliitwa Bwana Tumainieli Pazia. Hakuniuliza natoka wapi wala nimebeba nini. Aliniuliza, "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu," nikamjibu.

Kalamu ikamponyoka. "Peke yako? Ukoo mzima?"

Nilidhani ananiulizia mizigo na wenzangu wa safari, kwa hiyo nikarudia kwamba niko peke yangu kabisa na sina mtu nyuma. Akavua kofia. Maafisa wengine wawili wakasimama, nao wakavua kofia, na mmoja akaanza kulia kimyakimya. Ndipo Bwana Pazia aliponiuliza, kwa sauti ya mtu aliye msibani, jina langu la ukoo ni nani.

"Semaje."

Bwana Pazia akaketi chini, juu ya vumbi, na ile sare yake iliyopigwa pasi.

Nieleze kwanza desturi za watu hawa, maana bila hizo mambo yaliyotupata hayaeleweki. Katika Ubini mtu hasalimiwi kwa habari za asubuhi wala za nyumbani. Anaulizwa, "Mko wangapi?" naye anataja idadi ya watu wote wenye jina lake la ukoo, kama ilivyotangazwa na Idara ya Takwimu mwezi uliopita. Wenye idadi kubwa hupita katikati ya barabara. Wenye idadi ndogo hupita pembeni, na wakikutana wawili wenye idadi sawa husimama hapo hapo mpaka mmoja wao apate mtoto au afiwe. Jina kubwa kuliko yote ni Tele. Akina Tele ni milioni tatu na ushee, na kwa kuwa ni wengi, wanahesabiwa kuwa na akili zaidi, ingawa nilipouliza uhusiano uliopo kati ya mambo hayo mawili niliambiwa niangalie tena ile idadi.

Kila jina lina wilaya yake na rangi yake katika Ramani Kuu ya Majina, ambayo imechorwa kwenye ukuta mzima wa jengo la Idara. Mipaka ya wilaya imechorwa pia ardhini, kwa chokaa, na kila Jumatatu watu hupita na ndoo kuipaka upya. Mtu haruhusiwi kukanyaga nje ya rangi yake, isipokuwa kwenye barabara kuu, ambayo haina rangi, au akiwa kwenye kazi ya Idara. Akikanyaga anaitwa mchafuzi wa ramani, na anafungwa siku tisini, kwa sababu, kama alivyonieleza Bwana Pazia kwa uchungu, ramani ikichanganyika rangi haitazamiki.

Majina adimu yana sheria zake. Jina likibaki na watu chini ya kumi linakuwa urithi wa taifa. Wenye jina hilo hawaruhusiwi kupanda baiskeli wala ngazi, hawaruhusiwi kula samaki mwenye miba, na zaidi ya yote hawaruhusiwi kuolewa au kuoa nje ya jina lao, maana katika Ubini mwenye idadi ndogo humezwa na mwenye idadi kubwa siku ya harusi. Jina likimezwa lote, bendera hupandishwa nusu mlingoti na rangi yake hufutwa ukutani kwa kitambaa chenye maji.

Kwetu neno kubini hulitumia kwa mtu anayeghushi sahihi ya mwenzake. Nililikumbuka hilo siku ya kwanza tu, lakini nilikuwa mgeni, nikanyamaza.

Walinipeleka moja kwa moja kwa Semaje wao. Alikuwa mmoja tu katika nchi nzima, nukta ndogo ya zambarau ndani ya manjano ya akina Pazia, naye alikaa katika nyumba iliyozungushiwa kamba. Kwenye kamba kulikuwa na kibao: SEMAJE. IDADI: 1. USIMLISHE. Watu walipanga foleni siku za Alhamisi kuja kumtazama akishona, maana alikuwa fundi cherehani.

Jina lake ni Sikudhani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini mdomoni.

"Shikamoo," akaniambia, baada ya kutoa pini.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Perpetua."

Akainamisha kichwa, akanigeuzia sikio la kushoto. "Eeh?"

Sikulisikia vizuri lile eeh lake. Nami nikainamisha kichwa, nikamgeuzia sikio la kushoto. "Eeh?"

Tukabaki hivyo, vichwa vimeinama upande mmoja kama kuku wawili wanaotazama mahindi, mpaka Bwana Pazia akauliza kama tunaumwa.

Siku tatu za mwanzo nilikaa naye ndani ya kamba, maana nami sasa nilikuwa urithi wa taifa. Walibadilisha kibao kikasomeka IDADI: 2, na mji ukalewa furaha. Matarumbeta yalipigwa. Idara ya Takwimu ilitangaza kwamba jina la Semaje limeongezeka kwa asilimia mia moja ndani ya juma moja, jambo ambalo halijapata kutokea kwa jina lolote tangu takwimu zianze, na kwamba kwa kasi hiyo Semaje watawapita akina Tele kabla ya miezi sita. Akina Tele wakaogopa. Nilisikia kwamba wengine wao walianza kujifunza kushona.

Lakini Sikudhani hakufurahi, na siku ya kwanza tu niliona sababu.

Mstari wa chokaa ulipita hatua arobaini kutoka mlangoni pake. Ng'ambo ya mstari ilikuwa wilaya nyekundu ya akina Tele, na jioni, kazi zilipokwisha, alikuja kusimama pale mwanamume mmoja mnene, mwenye unga kwenye nyusi. Aliitwa Danstan Tele, mwoka mikate. Kwa miaka sita Danstan na Sikudhani walikuwa wamependana kwa umbali wa hatua arobaini. Danstan hakuweza kuvuka chokaa. Sikudhani hakuweza kuvuka kamba. Na kwa kuwa Sikudhani hasikii vizuri, mapenzi yao yote yalikuwa ya kupigiana kelele.

"UMEKULA?" Danstan alipiga kelele.

"NIMEPELEKA WAPI?"

"NIMESEMA, UMEKULA?"

"BADO!"

Danstan akarusha mkate. Sheria haikuwa na kifungu kuhusu mikate. Sikudhani akaudaka kwa mikono miwili, kwa ustadi wa miaka sita, na majirani madirishani wakapiga makofi.

"NIMEKUOTA JANA!" Danstan akaendelea.

"NANI AMEKUFA?"

"HAKUFA MTU! NIMEKUOTA!"

"NIMEKUOTA, ANASEMA!" jirani mmoja akamsaidia kutoka dirishani, na Sikudhani akaficha uso wake ndani ya mkate.

Hakuna siri iliyobaki kati ya watu wale. Mtaa mzima ulijua Danstan anataka watoto wangapi. Lakini siku aliyojaribu kupeleka posa, Idara ilimrudishia barua yake na muhuri mwekundu: Semaje akiolewa na Tele, Tele wataongezeka kwa mtu mmoja, jambo lisiloonekana, na Semaje watapungua kwa wote, jambo linaloonekana sana.

Siku ya nne Bwana Pazia alikuja na kitabu cha sheria. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ameketi usiku kucha akisoma. "Kuna Kifungu cha Tisa," akatueleza. "Jina likiwa na watu wawili wa asili moja, mmoja anaweza kuruhusiwa kwenda kuolewa, mradi mwingine akubali kubaki ndani ya kamba maisha yake yote. Hakijawahi kutumika, kwa sababu hakuna aliyewahi kukubali."

Sikudhani akanigeuzia sikio, ingawa nadhani alisikia. Akaokota pini zake zote kutoka mezani, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini bila kunitazama.

Nilifikiri kuhusu paka wangu. Nilifikiri kuhusu binti zangu wawili, ambao wote wameolewa na huniandikia siku ya Krismasi. Kisha nikamwambia Bwana Pazia, "Mimi nitabaki."

"Mama, kwa nini?" Sikudhani akauliza.

"Mimi nimeshatembea, magoti yananiuma. Wewe hujavuka hata mstari wa chokaa."

Akalia. Akanishika mkono, akaniambia kwamba hawezi kukubali, na papo hapo akanipima mabega ili anishonee gauni la kubaki nalo. Nikajua kwamba amekubali, na kwamba alijionea haya kukubali. Sikumlaumu hata kidogo.

Ilibaki kuthibitisha asili moja. Kikao kilifanyika uwanjani mbele ya ule ukuta wa ramani, na Bwana Pazia aliomba kibali maalumu cha kutubeba sisi wawili mpaka pale juu ya viti, ili miguu yetu isiguse manjano. Danstan alisimama nyuma ya chokaa, mbali, na mkate mkononi, nadhani kwa mazoea.

Mwenyekiti alikuwa Daktari Kinyenyezi, Mkuu wa Idara ya Asili, mtu mdogo mwenye rula ndefu. Alikuwa ameandika vitabu vinne kuhusu jina la Semaje, na kabla yangu hakuwahi kupata fursa ya kuongeza cha tano. Alieleza kwa saa nzima kwamba hapo kale palikuwa na wafalme waulizaji, ambao hawakutoa amri bali waliuliza tu, na kwamba mfalme akisema "Je?" raia walijua la kufanya. Sema na Je, yaani msemaji wa swali la mwisho. Damu ya kifalme, alisema, akielekeza rula kwa Sikudhani, ambaye alikuwa akikata uzi kwa meno.

Msomi mwingine akainuka akasema huo ni upuuzi, jina linatokana na mto uliokauka. Wa tatu akafungua jedwali na kuonyesha kwamba jina la Semaje linapatikana tu mahali penye maharage, na kwa kuwa maharage yapo kila mahali na Semaje hawapo, jambo hilo linahitaji utafiti zaidi. Wakaanza kupigana kwa rula. Watu walishangilia. Mimi nilipanda juu ya kiti changu ili nione vizuri.

Walipotenganishwa, Daktari Kinyenyezi akapanga tai yake, akanigeukia. "Kwa ajili ya kumbukumbu tu, Bibi. Kwenu husemwa asili ya jina hili ni nini?"

Ningeweza kusema wafalme. Alitaka niseme wafalme, Bwana Pazia alikuwa akiniashiria kwa kichwa niseme wafalme, na kwa neno hilo moja Sikudhani angeolewa Jumamosi. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo. Lakini nikamwona babu yangu, ambaye nilimpenda sana, mtu wa kaptula yenye viraka na kicheko kikubwa, nikaona haya kumvisha taji ambalo hata yeye angeuliza ni la nani.

"Babu yangu aliitwa Zakaria," nikasema. "Yeye na mdogo wake walikwenda kuandikishwa kazi kwenye shamba la mkonge. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati. Karani akamuuliza babu, jina la ukoo nani? Babu alikuwa na sikio bovu tangu utoto. Akainamisha kichwa, akamwambia karani, unasemaje? Karani akaandika Semaje. Akaja mdogo wake, ambaye naye alikuwa na sikio hilohilo bovu. Karani akamuuliza, naye akasema, unasemaje? Karani akasema, ndugu hawa, akaandika tena Semaje. Babu alitusimulia hivyo kila sikukuu, akicheka mpaka anakohoa. Jina la kweli la ukoo hatukulijua. Mdogo wake aliondoka pale shambani siku moja akavuka milima, hakusikika tena."

Daktari Kinyenyezi alikuwa amekunjamana uso.

"Huyo mdogo wake," Sikudhani akauliza polepole, "aliitwa nani?"

"Yohana."

Sikudhani akashuka kwenye kiti. Akakanyaga manjano, wala hakuna aliyepiga filimbi. "Babu yangu aliitwa Yohana," akasema. "Alikuja kwa miguu. Alikuwa anacheka peke yake akiulizwa jina, na kila mtu alidhani ni ufalme."

Akaja mpaka pale niliposimama juu ya kiti, akaninyanyulia uso, kisha akanigeuzia sikio lake la kushoto, nami nikagusa nyuma ya sikio, mahali palepale ambapo langu huniuma wakati wa mvua.

"Dada," akaniambia.

Nilimshika tu, kiti kikaanguka, tukaanguka nacho.

Daktari Kinyenyezi aligonga meza kwa rula. Alikuwa mtu wa sheria, na huzuni yake haikumzuia kuifuata. Alisema kwamba ushahidi uliotolewa unaonyesha kwamba Semaje si jina bali ni swali. Nchi ya Ubini haina rejesta ya maswali. Kwa hiyo idadi ya watu wenye jina la Semaje, ambayo jana ilikuwa wawili, leo ni sifuri na daima ilikuwa sifuri. Sifuri haina wilaya. Sifuri haina rangi. Sifuri haiwezi kuzungushiwa kamba. Kifungu cha Tisa hakina mtu wa kumhusu.

"Mko huru," akamalizia, "kwa kuwa hampo." Kisha akaenda mwenyewe ukutani na kitambaa chenye maji, akaifuta ile nukta ya zambarau, na mabega yake yalitikisika.

Sikudhani alikaa chini pale uwanjani. "Miaka thelathini na minne," akasema, "nimekatazwa samaki kwa sababu ya sikio?" Nilifikiri atalia. Alicheka. Alicheka kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena isipokuwa kwa babu, kicheko cha kukohoa, na watu waliokuwa karibu wakaambukizwa, kisha waliokuwa mbali. Katikati ya kicheko hicho akainuka, akavua viatu vyake vya ndani, akakimbia. Alikimbia hatua arobaini na nyingine nyingi, akaruka mstari wa chokaa kwa miguu miwili, akamgonga Danstan kifuani hivi kwamba mkate ukapaa hewani.

"SIKUTEGEMEA!" Danstan akapiga kelele.

"Punguza sauti," Sikudhani akamwambia. "Niko hapa."

Harusi ilikuwa Jumamosi, na ilileta shida ambayo Idara haikuwa imeipangia. Majirani wa bi harusi walikuwa akina Pazia, wa manjano. Jamaa wa bwana harusi walikuwa akina Tele, wa nyekundu, na shangazi zake peke yao walikuwa mia nne. Hakuna upande ulioruhusiwa kwenda kwa mwenzake. Harusi ikafanyika juu ya mstari. Masufuria ya pilau yalikuwa upande wa manjano, mikate na keki na ngoma upande wa nyekundu, na watu wawili tu katika nchi nzima ndio waliokuwa na haki ya kuvuka: bi harusi na mimi, maana sifuri haina wilaya wala cha kumezwa. Tulivuka na sahani za pilau kwenda, tukavuka na vipande vya keki kurudi. Sikudhani, na shela yake aliyoishona mwenyewe, alibeba sahani nne kwa mara moja. Mimi nilibeba mbili, na mara ya thelathini magoti yalinigomea, nikaketi juu ya chokaa, nusu huku na nusu kule.

Bwana Pazia alikuwa kazini. Alisimama juu ya mstari na daftari na rula, akipokea pilau kwa mkono mmoja.

Ngoma ilipokolea, mmoja wa wale shangazi mia nne, mwanamke mzee aliyeitwa Bi Mwajabu Tele, alikuwa akicheza kwa kurudi nyuma, macho amefumba, kanga ameifunga kiunoni. Alirudi nyuma, akarudi tena, akavuka chokaa. Ngoma ikanyamaza. Bi Mwajabu akafumbua macho, akajikuta kwenye manjano, miguu mitupu, maana viatu alivivua zamani ili acheze vizuri.

Bwana Pazia akapiga magoti. Akapima kwa rula umbali kutoka kisigino hadi mstari. Ulikuwa mkubwa mno. Akainuka, akafungua daftari, na niliona kwamba mkono wake haukutaka. "Bibi," akasema, "jina la ukoo?"

Bi Mwajabu akamtazama kijana yule, akatazama lile sufuria la pilau lililokuwa karibu naye sasa, akatazama nyuma.

"Jina nimeliacha kule, mjukuu wangu," akasema. "Pamoja na viatu."

Akachota pilau.

Hakuna aliyecheka mara moja. Kwanza shangazi mmoja aliinama akafungua ndara zake, akaziweka vizuri upande wa nyekundu, akavuka. Kisha wawili. Kisha akina Pazia wa manjano, ambao walikuwa wameitazama keki tangu asubuhi, wakaanza kuvua viatu vyao nao wakaviacha kwao. Ngoma ikalia tena. Wakapita kushoto na kulia kwangu, miguu mitupu mamia kwa mamia, wakicheza, wakisukumana, wakiulizana habari za nyumbani kama watu waliopotezana, na vumbi la chokaa likapanda mpaka magotini mwao.

Bwana Pazia aliandika. Aliandika watu mia moja na kumi na wawili, wote kwa maneno yaleyale: jina ameliacha kule. Kisha akaacha kuandika, akanigeukia mimi niliyekuwa nimeketi chini.

"Bibi Perpetua," akasema, "nishikie hili kidogo."

Nikalipokea daftari. Akachuchumaa katikati ya vumbi, na kwa uangalifu wa mtu aliyevaa sare, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.